Jiwe Shahidi Kwanza: Kutatua Hitilafu za Kifaa cha Leza cha Kutambua Madini

Tangu tuanze kuunda kifaa hiki hapa Mtwara, na wenzetu wa Masasi, Ruangwa na Kilwa wakachukua michoro yetu wakaunda vyao, simu yangu haikauki picha za grafu. Kuna grafu iliyonyooka, kuna grafu yenye kilima kikubwa katikati, kuna grafu inayotaja madini yaleyale kwa kila jiwe lililowekwa. Hitilafu ni zilezile, zinazunguka tu kutoka kundi hadi kundi. Nimezipanga hapa kwa dalili: sababu inayotokea sana inatangulia, ya nadra inafuata, na kipimo rahisi kinakuja kabla hujashika bisibisi.

Kwa anayekutana nacho leo: ni sanduku lenye leza ya kijani ya nanomita 532. Mwanga unalipiga jiwe na karibu wote unarudi ukiwa kijani kilekile. Chembe chache mno kati ya mamilioni hurudi zikiwa zimebadilika rangi kidogo, kwa sababu zimeachia sehemu ya nguvu yake kwenye mtikisiko wa atomu za jiwe. C. V. Raman aliligundua jambo hili India mwaka 1928, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Chujio linaizuia kijani ya leza, mpasuo mwembamba unapitisha kilichobaki, greti yenye michirizi 1,200 kwa milimita inautawanya mwanga, na kamera inachora vilele. Kila madini yana namba zake, zinazoonyesha rangi imehama kiasi gani kutoka kijani ya leza (kizio chake ni cm⁻¹). Jasi ina 1008, kalisaiti iliyomo kwenye mawe yetu ya chokaa ina 1086, kwatzi ina 464. Kwa leza yetu, namba hizo zinaangukia nanomita 562.1, 564.6 na 545.5. Angalia vizuri: jasi na chokaa vimetenganishwa na nanomita mbili na nusu tu. Hitilafu nyingi utakazozisoma hapa chini zinaishi ndani ya nafasi hiyo.

Gari la roboti la NASA liitwalo Perseverance, lililotua Mirihi Februari 2021 ndani ya kreta ya Jezero, limebeba kifaa kiitwacho SuperCam chenye leza ya kijani ya nanomita 532 hiyohiyo. Na jasi hatukuichagua kuwa jiwe letu la kujipimia kwa sababu inapatikana Kilwa tu. Mwaka 2011 gari jingine la Mirihi, Opportunity, lilikuta kwenye ukingo wa kreta ya Endeavour mshipa mweupe wa jasi, upana wake kama kidole gumba. Jasi hujengeka majini, kwa hiyo mshipa ule ni alama kwamba maji yalipita kwenye ufa wa mwamba. Kijana wa Kilwa anayejifunza kuitenganisha jasi na chokaa anajifunza swali lilelile linaloulizwa kule.

Kabla ya dalili yoyote, tafuta jiwe shahidi. Ni jiwe unalolijua bila shaka, halibadilishwi, haliazimishwi. Langu ni kipande cha jasi angavu kama kioo kichafu, nakihifadhi kwenye kikopo cha dawa chenye pamba. Nililihakiki bila mashine: ukucha unalichubua, maji ya ndimu hayalifanyi chochote. Kalisaiti hukataa ukucha, na unga wake ukidondoshewa ndimu hutoa mapovu. Kwatzi inakwaruza kioo cha chupa. Kila asubuhi pima jiwe shahidi kabla ya kitu kingine. Likisoma sawa, shida iko kwenye sampuli yako. Likisoma vibaya, acha mawe, shida iko kwenye kifaa. Nusu ya jumbe ninazopokea zingejibika kwa kipimo hiki kimoja.

Hata huko Mirihi hufanya hivyohivyo. Kifaa cha SHERLOC kwenye Perseverance kina bamba la vitu vinavyojulikana kwa ajili ya kujipima, na mojawapo ni kipande cha kimondo kilichotoka Mirihi kikaangukia Duniani, kisha kikarudishwa kwao kikiwa shahidi.

Kuhusu macho, kabla hujafungua sanduku

Leza za kijani za bei nafuu huandikwa milliwati 5 na mara nyingi hutoa zaidi. Hatari kubwa zaidi haionekani. Ndani yake kuna mwanga wa nanomita 808 unaozaa 1064, na huo ndio unaogeuzwa kuwa kijani. Leza isiyo na chujio la ndani inauvujisha huo mwanga usioonekana, na jicho halipepesi kwa kitu lisichokiona. Sanduku liwe na swichi ya mfuniko inayozima leza ukiufungua, na swichi hiyo isipitishwe waya kwa pembeni hata kwa dakika moja. Miwani ya jua haikingi leza. Mtu akipigwa machoni, akaona doa au ukungu usioondoka, mpelekeni hospitali kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Msingoje kesho kuona kama kutapoa.

Grafu imenyooka, hakuna kilele hata kimoja

Mara nyingi sana ni umakinishaji: jiwe liko mbele au nyuma ya mahali lenzi inapokusanya mwanga. Milimita moja inatosha kuua ishara yote. Weka jiwe shahidi, lisogeze taratibu kwa skrubu ya meza huku mwenzako akitazama grafu, mtaona 1008 inachomoza ghafla na kuzama tena. Wekeni alama ya kalamu hapo.

Inayofuata ni kamera iliyoachwa ijipangie yenyewe muda wa kupokea mwanga. Ikiona giza inachukua picha ya sekunde moja na kuipaka rangi ili ipendeze. Zima kila kitu cha kujiendesha, weka sekunde 10, kisha 30. Halafu angalia umeme: betri ikishuka, leza bado inawaka kwa macho yetu lakini nguvu yake imepungua mno. Mwisho angalia mpasuo. Wetu una upana wa mikromita 50, wembamba kuliko unywele wa wengi, na punje moja ya vumbi inaweza kuuziba katikati. Puliza kwa pampu ya mkono ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yana chumvi.

Umakinishaji usikufanye uidharau akili yako, umewatesa wakubwa pia. Kifaa cha ChemCam cha Curiosity, gari jingine la Mirihi, kilikuwa na leza ndogo ya pili, kazi yake kupima umbali wa jiwe ili lenzi ijipange. Ikafa Novemba 2014. Hakuna fundi wa kwenda kuibadilisha. Wahandisi walianza kwa njia ya kuchosha: kulenga jiwe mara nyingi kwa umbali tofauti na kuchagua iliyofaa. Kisha wakaandika programu mpya, wakaituma mwaka 2015: kifaa kinapiga picha kadhaa, kinalinganisha ipi ina ncha kali zaidi, kinajipanga chenyewe. Tumeiga wazo hilo. Wenye mota ndogo kwenye meza wanaweza kuandika programu ichukue vipimo tisa kwa hatua ya robo milimita na kuchagua chenye 1008 ndefu.

Kilima kikubwa kimefunika kila kitu

Hii ndiyo malalamiko namba moja, na ndiyo inayokatisha vijana tamaa kuliko zote. Unatarajia vilele vyembamba, unapata mgongo wa tembo. Jina lake ni fluoresensi. Kitu fulani kinameza mwanga wa kijani na kuutapika polepole kwa rangi nyingi kwa pamoja. Ni kikali mara maelfu kuliko mwanga wa Raman unaoutafuta.

Sababu ya kwanza ni uchafu wa juu ya jiwe, na nitasimulia wa kwetu kwa kirefu kwa sababu ulitutesa wiki mbili. Mawe yote yaliyotoka Ruangwa yalitoa kilima, hata kipande cha kwatzi cheupe pe. Jiwe shahidi lilisoma safi. Tulibadilisha chujio, tulishuku leza, tulimlaumu aliyeunganisha kamera. Kisha siku moja binti mmoja wa kidato cha tatu akalinusa jiwe. Akalileta puani kwangu nami ninuse. Harufu ya ganda la korosho. Mawe yalisafirishwa ndani ya kiroba kilichobeba korosho ghafi, na yale mafuta meusi ya ganda, yanayobabua ngozi na kuacha madoa ya kahawia vidoleni, yalikuwa yamejipaka kwenye kila uso. Hayakuonekana kwa macho. Tulivunja jiwe moja kwa nyundo, tukapima uso mpya uliokuwa ndani, kilima kikaanguka na 464 ya kwatzi ikasimama wima.

Kwa hiyo anza hapo: vunja jiwe, pima uso ambao haujawahi kuguswa. Vaa miwani ya kazi unapovunja. Mafuta ya mkono, kuvu, mwani wa mawe ya ufukweni, sabuni, wino wa kalamu ya alama, vyote hung'aa. Usioshe kwa sabuni; tumia spiriti safi, acha ikauke.

Kilima kikibaki kwenye uso mpya, sababu inayofuata ni jiwe lenyewe. Udongo wa mfinyanzi ndani ya mawe yetu ya chokaa hung'aa sana, na mabaki ya viumbe hung'aa. Hapa kuna dawa ya subira: iache leza juu ya doa lilelile dakika 10 hadi 20 bila kusogeza, kilima cha vitu vya viumbe hupungua chenyewe kadiri kinavyochomwa na mwanga. Isipopungua, hamia doa jingine lenye chembe angavu. Dawa kubwa zaidi ni leza ya nanomita 785, nyekundu ya mbali, ambayo vitu vingi haviimezi. Ila inadai chujio jingine na kamera inayoona rangi hiyo, kwa hiyo ni kifaa kipya.

Waliotengeneza vifaa vya Mirihi walilishambulia tatizo hili kwa pande mbili, na mimi napenda sana zote. SuperCam inapiga kwa mapigo ya leza ya nanosekunde chache, na kipokezi chake hufunguliwa kwa takriban nanosekunde 100 tu kisha hufungwa. Mwanga wa Raman hurudi papo hapo, ila mng'ao mwingi wa madini unachelewa, hivyo unakuta mlango umefungwa, na mwanga wa jua haupati muda wa kuingia. SHERLOC ikaenda upande wa pili wa upinde wa rangi: leza ya urujuanimno ya nanomita 248.6. Huko, mwanga wa Raman unatokea kabla ya mahali mng'ao unapoanzia, vinakaa vyumba tofauti. Msijaribu kununua leza ya namna hiyo. Inaunguza jicho na ngozi, na hatuna vya kuikingia.

Kila jiwe linasoma kwatzi

Kabla hujaamini, zima leza na upime tena. Kilele kikibaki pale pale, umepima taa ya darasani. Taa za kuokoa umeme, zile za mrija uliojikunja, zina zebaki ndani, na zebaki inatoa mstari mkali wa nanomita 546.1. Kwatzi iko 545.5. Kwa kifaa chetu hiyo tofauti ni ndogo, macho yanawachanganya kama mapacha. Kundi moja lilitangaza kwatzi kwenye jasi, kwenye chumvi ya Lindi na kwenye kipande cha plastiki, hadi tukazima taa. Tafuta mwanga unapopenya: tundu la waya, ukingo wa mfuniko, kidirisha cha swichi. Funika sanduku kwa kitambaa cheusi kizito kisha uone.

Leza ikizimwa na kilele kikatoweka, basi ni kwatzi ya kweli, ila huenda si ya jiwe lako. Mchanga wa pwani ni kwatzi kwa sehemu kubwa, na upepo wa kusi unauleta hadi mezani. Vunja jiwe, pima ndani. Tatu, huenda ni mabaki ya sampuli iliyotangulia kwenye kijichombo. Futa kwa spiriti, kisha pima kijichombo kitupu. Kipimo cha utupu kihifadhi kwenye faili; utakihitaji kila siku.

Curiosity ilipofika kwenye mchanga wa Rocknest mwaka 2012, kazi ya kwanza ya mchanga ule haikuwa kupimwa. Waliuchota, wakautikisa ndani ya mfumo wa kubebea sampuli, wakaumwaga, wakarudia, ili usugue mabaki ya uchafu wa Duniani. Ndipo kilipoingia kipimo cha CheMin, kifaa cha kwanza kusoma mpangilio wa fuwele za madini kwa miale ya eksi katika sayari nyingine. Vijichombo vyake vina madirisha ya plastiki nyembamba ambayo yenyewe huacha alama kwenye grafu, na alama hizo zilipimwa kabla ya safari ili zijulikane na kutolewa.

Jasi inasoma chokaa, chokaa inasoma jasi, au namba zimehama zote

Jiwe shahidi litakuambia mara moja: likitoa 1040 au 980 badala ya 1008, mizani ya kifaa imehama. Masika ndiyo msimu wa dalili hii kwetu. Sanduku letu la kwanza lilikuwa la ubao wa MDF. Mvua zikaanza, unyevu ukaingia kwenye kingo ambazo hatukuzipaka rangi, ubao ukavimba pembeni kama mkate uliolowa, na skrubu za greti zikasogea pamoja nao. Kwa macho hukuweza kuona kitu. Kwenye grafu, jasi ilikuwa nusu ya njia kuelekea chokaa. Vimba ya ubao inayoweza kusikika kwa ukucha tu ilitosha kubadilisha jina la madini.

Rekebisha mizani kwanza, sanduku baadaye. Unahitaji mistari miwili unayoijua, mmoja kila upande wa 562. Taa ya kuokoa umeme, ileile adui wa juu, inakupa 546.1. Taa ndogo nyekundu ya swichi ya ekstensheni, kama ni ya neoni na si ya LED, inakupa 585.2, na kwa mbali zaidi 640.2. Elekeza kamera kwenye mwanga wa taa hiyo ndogo kwa nje, usifungue ekstensheni wala kugusa nyaya za umeme wa nyumbani. Andika ni pikseli ya ngapi kila mstari umeangukia, programu ichore mizani upya, pima jiwe shahidi. Ukipata 1008 au karibu yake kwa namba tano, umemaliza.

Mizani ikihama tena ndani ya saa chache, tatizo ni joto au skrubu. Leza huchukua muda kutulia. Iwashe nusu saa kabla ya kazi. Angalia kama kibanio cha kamera kinacheza ukikigusa. Ikihama kila wiki, ni sanduku: hamieni kwenye alumini, au pakeni ubao rangi ya mafuta pande zote sita pamoja na ndani ya matundu ya skrubu.

Kuna wanaonitumia malalamiko ambayo si hitilafu. Jasi isiyo na maji, iitwayo anihaidraiti, ina kilele cha 1017, robo ya nanomita tu kutoka kwa jasi. Kifaa chetu hakiwezi kuzitenganisha hapo, na kukaza skrubu hakutasaidia. Nenda mbali kwenye grafu, karibu na nanomita 650: jasi ina vilele vya maji kule, anihaidraiti haina. CheMin ilikuta anihaidraiti na basanaiti (ndugu yake mwenye maji kidogo) kwenye Ghuba ya Yellowknife, ndani ya kreta ya Gale, na ilizitambua kwa mpangilio wa fuwele zake. Nasi tunatumia maji.

Jiwe jeusi au jekundu linabadilika likiwa linapimwa

Kinywe (grafiti) cha Ruangwa kina kilele kizuri cha 1580, karibu nanomita 581, lakini kinameza mwanga na kupata moto. Vijana wakiona ishara ndogo wanaongeza leza, na hapo ndipo wanapoharibu. Punguzeni leza, ongezeni muda. Ukiona moshi au harufu, zima, fungua dirisha, subiri. Unga wa kitu usichokijua usiuvute puani.

Jekundu lina mtego mbaya zaidi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Udongo wa uwanda wa Makonde umejaa oksaidi za chuma: hematiti nyekundu na goetiti ya manjano-kahawia yenye maji ndani yake. Leza kali iliyokusanywa kwenye doa moja inaikausha goetiti na kuigeuza hematiti papo hapo. Kifaa kitaandika hematiti, na kitakuwa kinasema kweli, kwa sababu umeitengeneza wewe sekunde kumi zilizopita. Mtu akipeleka jibu hilo Mirihi anafuta maji kwenye historia ya jiwe. Kipimo chake ni rahisi: pima kwa nguvu ndogo kabisa, ongeza kwa hatua, chora grafu zote juu ya moja. Vilele vikihama au vikizaliwa vipya kadiri nguvu inavyopanda, amini kipimo cha chini tu. Halafu angalia doa kwa lenzi ya mkono. Nukta nyekundu kwenye uso wa manjano inamaliza ubishi.

Kifuniko au meza haisogei

Chumvi. Kwetu sisi tunaokaa usawa wa bahari karibu kila mota iliyokwama ilikwama kwa chumvi na mchanga, au kwa kutu ya kijani kwenye viunganishi vya shaba. Anza kwa kuchomoa na kuchomeka viunganishi mara tano. Kisha pima volti kwenye mota ikiwa inajaribu kuzunguka. Zikishuka sana, betri au waya. Kisha brashi kavu laini kwenye meno ya gia. Mafuta ya cherehani yawe tone moja, tena mbali na lenzi. Pakiti za silika ziwekwe ndani ya sanduku na zibadilishwe kila mwezi.

Januari 2024 kifuniko cha lenzi cha SHERLOC kiligoma kikiwa kimefunguka kwa sehemu tu. Walifuata njia ambayo fundi yeyote wa gereji angeitambua, ila kwa amri zinazochukua dakika kadhaa hadi zaidi ya 20 kufika. Waliipasha moto mota yake. Waligeuza mkono wa roboti kwa pembe mbalimbali. Waliwasha nyundo ya drili ili mtikisiko uangushe chembe zilizonasa, wakaivuta mota mara kwa mara. Mapema Machi kikafunguka vya kutosha, kisha wakaanza kazi ya kumakinisha upya kwa kutumia mkono wenyewe, na Juni kifaa kikawa kinapima tena. Msichoiga hapo ni nyundo. Sisi tunaweza kufungua sanduku.

Mahali pa kusimama

Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa. Itoke nje ya jengo, akabidhiwe fundi anayezijua. Leza isifunguliwe ndani na mtu asiye na mafunzo, hata kama imekufa. Usiunde kifaa cha miale ya eksi kwa kuona CheMin, au PIXL ya Perseverance, zinatumia. Hapa nchini vyanzo vya mionzi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na bila kibali na mafunzo ni kosa na ni hatari ya mwili. Jiwe zito jeusi usilolijua asili yake usilisage, vumbi lake likaingia mapafuni.

Na jiwe la thamani lisiuzwe kwa grafu yetu. Ganeti ya kijani ya Ruangwa imeleta watu mlangoni kwangu wakitaka niseme bei. Kifaa hiki ni cha kujifunzia. Kwa jibu linalosimama kwenye karatasi, sampuli iende maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma. Mawe yachukuliwe kwa ruhusa ya mwenye leseni, na kwa swali la vibali nendeni ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa.

Ukikwama baada ya haya yote, nitumie vitu vinne kwa pamoja: grafu ya jiwe shahidi ya leo, grafu ya kijichombo kitupu, grafu ya jiwe linalokusumbua, na picha ya jiwe hilo likiwa limevunjwa, karibu na sarafu. Andika pia saa uliyopima na kama mvua ilikuwa inanyesha.